Barua ya wazi kwa wakuu wa posta Afrika Mashariki: mkimbizi naye apewe jina kwenye stempu

Kwa Wakuu wa Mashirika ya Posta ya Afrika Mashariki,
na Wajumbe wa Kamati za Kuteua Stempu.

YAH: WAKIMBIZI NA WASAIDIZI WAO KATIKA STEMPU ZA POSTA

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima na taadhima.

Sisi ni wakusanyaji wa stempu tunaozipanga kwa mada, na mada yetu ni wakimbizi. Yaliyomo humu tuliyapeleka kwanza kwa njia ya kawaida, kwa barua iliyofungwa, yenye anwani na saini. Hayakujibiwa, hata kwa kukataliwa. Tumeamua kuyaweka hadharani bila kutaja ofisi wala kumvunjia mtu heshima, kwa kuwa kasoro tunayoisema si ya posta moja. Ni desturi iliyoenea karibu dunia nzima, na nyinyi ndio wenye sababu nzuri kuliko wote ya kuiacha.

Desturi yenyewe ni hii: kwenye stempu, msaidizi ana uso na jina, mkimbizi ana mgongo na furushi. Mmoja anatoa, mwingine anapokea, na kati yao pamechorwa mstari. Hapa kwetu mstari huo haupo, na historia ya ukanda huu inathibitisha uongo wake kila baada ya miaka kumi. Tunaeleza hoja zetu moja baada ya nyingine.

1. Stempu ya mkimbizi ilianza vizuri kuliko ilivyoendelea.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Fridtjof Nansen, mvumbuzi Mnorwe aliyekuwa kamishna wa wakimbizi wa Shirikisho la Mataifa, alianzisha hati ya kusafiria iliyokuja kuitwa pasi ya Nansen. Ilianza mwaka 1922 kwa Warusi waliovuliwa uraia, ikafuata kwa Waarmenia mwaka 1924. Mwaka 1926 serikali zilikubaliana kwamba hati hiyo ibandikwe stempu ya ushuru ya faranga 5 za dhahabu, na makusanyo yaende kwa wakimbizi wenye shida. Fukara hawakutozwa. Aliyekuwa na kazi alilipa ili asiye nayo apate. Sura iliyochapwa ilikuwa ya Nansen, lakini fedha zilitoka mifukoni mwa wakimbizi. Walikuwa wasaidizi wa wenzao, na risiti yao ni ile stempu.

Haikuchukua miaka kumi mambo yakageuka. Mwaka 1935 Norway ilitoa stempu nne za Nansen, kila moja na nyongeza ya øre 10 kwa mfuko wa wakimbizi. Mwaka uliofuata Ufaransa ikatoa yake kwa kusudi hilohilo, ikaweka Sanamu ya Uhuru ya New York. Nia njema, hatubishi. Ila mkimbizi alikwisha kutoka kwenye picha, akabaki kwenye maandishi.

Kisha ukaja Mwaka wa Wakimbizi Duniani, 1959 hadi 1960. Tarehe 7 Aprili 1960 posta za nchi nyingi zilitoa stempu siku moja, nyingi zikibeba nembo moja: mwaloni uliong'olewa, mizizi ikiwa nje. Marekani ilichora familia inayoonekana kwa nyuma, ikitoka gizani kuelekea mlango wenye mwanga. Umoja wa Mataifa, uliotangulia tarehe 10 Desemba 1959, ulichora mtu asiye na sura katikati ya mikono miwili mikubwa. Mti, migongo, mikono. Wakimbizi ambao mtu angewatambua kwa majina ni Yesu, Mariamu na Yusufu, kwa sababu Vatikani ilichagua mchoro wa kukimbilia Misri. Huenda ilikuwa bahati tu, lakini stempu ile inaonyesha kwamba mkimbizi akipewa jina stempu haipasuki.

Mfano unaotuuma zaidi ni wa Saiprasi. Kisiwa kilipogawanyika mwaka 1974, posta ilianzisha stempu ya lazima ya Mfuko wa Wakimbizi, ndogo, inayobandikwa kando ya stempu ya kawaida. Tangu 1977 inamwonyesha mtoto aliyeketi penye seng'enge. Thamani imefuata sarafu: mils 10, kisha senti 1, na tangu kisiwa kilipoingia kwenye yuro mwaka 2008, senti 2 za yuro. Mtoto hajafuata chochote. Waliokuwa na umri wake wakati ule wamevuka hamsini, wamejenga, wamesomesha, wamelipa kodi, na bado ukipokea barua kutoka Nicosia unamkuta yeye palepale. Kwa kazi ya kukusanya fedha, tunaiheshimu sana stempu hiyo. Kwa kazi ya kusema mkimbizi ni nani, imesimama mwaka 1977.

2. Majina hayakukosekana. Hayakuchapwa tu.

Waokoaji wa Wayahudi na wakimbizi wengine wa Vita vya Pili vya Dunia wamejaa kwenye albamu, na wanastahili. Raoul Wallenberg, Mswidi aliyegawa hati za ulinzi Budapest mwaka 1944, yuko kwenye stempu za Uswidi za 1987, za Marekani za 1997 na za Kanada za 2013. Aristides de Sousa Mendes, balozi mdogo wa Ureno mjini Bordeaux aliyeadhibiwa na serikali yake kwa kutoa viza, aliwekwa kwenye stempu na Ureno hiyohiyo mwaka 1995. Chiune Sugihara, mwanadiplomasia wa Japani aliyekuwa Kaunas, Lithuania, mwaka 1940, alitolewa na Israeli mwaka 1998 na Lithuania mwaka 2004. Hiram Bingham, makamu balozi mdogo wa Marekani mjini Marseille, alipata yake mwaka 2006. Nicholas Winton, Mwingereza aliyeokoa watoto, alifariki Julai 2015, na stempu ya Uingereza ikatoka Machi 2016, baada ya zaidi ya watu 100,000 kutia saini ombi. Kwa wale wanaosema barua na maombi ya umma hayahusiani na stempu, huo ndio ushahidi wetu wa kwanza.

Sasa tazameni kilichowafanya watu hao wajulikane. Sugihara anajulikana kwa orodha ya viza yenye majina yapatayo 2,140, iliyoandikwa ofisini kwake mstari kwa mstari. Winton aligunduliwa na umma mwaka 1988 kupitia daftari lenye majina ya watoto 669 waliotolewa Chekoslovakia mwaka 1939. Jina la msaidizi lilipatikana kwa sababu majina ya waliosaidiwa yaliandikwa. Kwenye stempu kimechapwa kimoja, kingine kikaachwa. Stempu ya Marekani ya 1997 inamwonyesha Wallenberg akiwa kwenye simu na watu nyuma yake. Uso wake umechorwa kwa uangalifu, wale wengine ni mandhari.

Na wakimbizi wanapopata stempu kwa majina yao, ukimbizi unafutwa. Albert Einstein, aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, amechapwa na nchi nyingi kuliko tunavyoweza kuzihesabu hapa, kama mwanafizikia. Karibu zaidi na nyumbani, Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen na mzaliwa wa Zanzibar ambaye familia yake iliondoka mwaka 1964 baada ya Mapinduzi, alipata stempu ya Uingereza ya peni 19 mwaka 1999. Yumo jukwaani na kipaza sauti. Safari iliyomfikisha pale haikutajwa.

3. Katika ukanda wetu, mkimbizi na msaidizi ni mtu mmoja.

Hapa ndipo kiini cha barua hii. Tuzo ya Nansen, inayotolewa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, ndiyo heshima kubwa kuliko zote kwa wanaohudumia wakimbizi. Waangalieni watatu walioipata kutoka jirani zetu.

Marguerite Barankitse wa Burundi, mwaka 2005. Oktoba 1993, mauaji yalipotokea Ruyigi, aliwaokoa watoto 25, na kutokana nao ikazaliwa Maison Shalom, asasi ya kulea yatima. Mwaka 2015 yeye mwenyewe alilazimika kukimbia nchi, akaingia Rwanda, akaanza tena kuwahudumia Warundi wenzake mjini Kigali.

Sista Angélique Namaika wa Dungu, kaskazini mashariki mwa Kongo, mwaka 2013. Aliwafundisha kusoma, kushona na kuoka mikate wanawake waliotoroka waasi wa LRA (Jeshi la Upinzani la Bwana, lililotoka Uganda), akiwafuata kwa baiskeli. Mwaka 2009 naye alikuwa amekimbia waasi haohao.

Abdullahi Mire, mwaka 2023. Alizaliwa Somalia, akakulia kambi ya Dadaab nchini Kenya, akawa mwandishi wa habari, kisha akawafikishia watoto wa kambini vitabu 100,000.

Mkimuweka Barankitse kwenye stempu, mtamweka kundi gani? Kwa kipimo cha desturi, anastahili uso kwa sababu ya 2005 na mgongo kwa sababu ya 2015. Ndiyo maana tunasema desturi hiyo haiwezi kurekebishwa kwa kuongeza picha nzuri zaidi. Inabidi kubadilisha swali analoulizwa msanii.

Na kabla ya watu hao, walikuwepo wakulima wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Warundi waliokimbia mwaka 1972 walipewa mapori ya magharibi ya Tanzania. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 makazi hayo yalikuwa yanajitegemea kwa chakula na kuuza ziada. Mwaka 2014 watu wapatao 162,000 kati yao na watoto wao walipata uraia wa Tanzania. Mwalimu Julius Nyerere alipewa Tuzo ya Nansen mwaka 1983, na tungefurahi kuona medali hiyo kwenye stempu. Lakini stempu ya medali bila stempu ya shamba la mahindi la Mishamo itakuwa imerudia kosa tunalolilalamikia.

4. Picha isiyo ya mahali popote.

Msanii wa stempu kwa kawaida hupewa maelekezo mafupi na muda mfupi. Akiandikiwa neno «wakimbizi» peke yake, atafungua intaneti, ataona hema jeupe lenye maandishi ya buluu, mama mwenye furushi na mtoto mgongoni, na vumbi. Atachora hicho. Matokeo yake ni stempu inayoweza kuwa ya nchi yoyote, na hiyo si sifa.

Kila mahali pana alama zake. Kambi ya Kakuma, Kenya, ni Turkana: ukame, miiba, mito ya mchanga isiyo na maji. Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo, ni udongo mwekundu na miti ya Kigoma, na Kiswahili utakisikia kila kichochoro. Tengeru, karibu na Arusha, ambako Wapoland wapatao 5,000 waliishi kuanzia 1942 baada ya kupitia Urusi ya Kisovieti na Uajemi, kulikuwa na vibanda vya duara, shule, kanisa na mashamba; makaburi yao yapo mpaka leo. Mazimbu, Morogoro, ambako vijana wa Afrika Kusini waliokimbia baada ya Soweto 1976 walijengewa chuo kilichoitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, palikuwa na karakana na madarasa ya matofali, na mwaka 1992 yote yalikabidhiwa kwa Tanzania. Huko hakuna hema la kuchora. Msanii asipoambiwa, ataliweka.

Kosa kubwa zaidi ni picha ya umati. Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara, Tanzania, ndani ya saa 24, na picha zake, zilizopigwa kutoka juu, ni za kutisha kweli. Zinafaa ukutani. Stempu ya kawaida ina upana wa kama milimita 40 na kimo cha 30. Ukiwaweka humo watu mia mbili, kichwa kimoja kinabaki chini ya milimita 2, na mashine ya ofseti itakigeuza kuwa doa. Mtazamaji ataona mchwa. Kama ni lazima kuonyesha Rusumo, onyesheni daraja lenyewe na watu wawili au watatu wa Ngara na wa Rwanda, karibu, kiunoni kwenda juu.

5. Mambo ya ufundi yanayomwondolea mtu jina hata pale alipopewa.

Hili tunaliandika kwa urefu kwa sababu ndipo nia njema huharibikia.

Jina likiwekwa kwenye pambizo ya shiti (karatasi nzima ya stempu), limekufa. Pambizo huchanwa kaunta na kutupwa. Kinachosafiri ni kile kilicho ndani ya vitobo, yaani matundu ya ukingoni yanayochaniwa stempu. Jina likiwekwa kwenye bahasha ya siku ya kwanza au kwenye kijitabu cha maelezo, litasomwa na sisi wakusanyaji, basi. Anayepokea barua Tabora au Eldoret hataliona. Jina liwe ndani ya stempu.

Ndani pia kuna mahali pabaya. Karani anapogonga mhuri kwa mkono, hulenga nusu ya duara iangukie stempu na nusu bahasha. Kwa kuwa stempu iko kona ya juu kulia ya bahasha, wino hufunika sehemu yake ya kushoto, hasa chini. Wasanii wengi huweka jina la mtu hapohapo, chini kushoto. Liwekeni juu kulia, au kwa wima ukingoni mwa kulia. Herufi zisipungue kimo cha milimita 1.5, ziwe nene kiasi, na zisichapwe kwa rangi mbili zilizolaliana: karatasi ikisogea kidogo tu mashineni, herufi ndogo zinakuwa na kivuli na hazisomeki. Rangi moja nzito juu ya eneo tupu inatosha. Maandishi meupe ndani ya rangi nzito nayo ni hatari, kwani wino huenea na kuziba matundu ya herufi kama a na e.

Uso nao uchukue walau theluthi moja ya eneo la picha. Chini ya hapo mtu anageuka kuwa alama.

Lugha: taratibu za Umoja wa Posta Duniani zinadai jina la nchi kwa herufi za Kirumi na thamani kwa tarakimu. Maneno mengine ni hiari yenu. Hakuna kinachowazuia kuandika kwa Kiswahili «Mwalimu, Dadaab» au «Mkulima, Katumba». Kuandika kazi ya mtu kando ya jina lake kunafanya zaidi ya kuandika «mkimbizi», na picha iliyobaki itaeleza ukimbizi.

6. Fedha za nyongeza.

Kama stempu zitakuwa na nyongeza kwa ajili ya wakimbizi, jifunzeni India. Mwaka 1971 wakimbizi wapatao milioni 10 waliingia kutoka Pakistani ya Mashariki, ambayo sasa ni Bangladesh. Kuanzia 15 Novemba 1971 kila barua, isipokuwa zilizosamehewa, ilidaiwa paisa 5 za ziada. Stempu maalumu haikuwa tayari, kwa hiyo waliichukua stempu ya kila siku ya uzazi wa mpango na kuipiga chapa ya juu ya msaada wa wakimbizi. Zikapungua. Baadhi ya maeneo yakatengeneza chapa zao, mengine yakatumia mihuri ya mpira, mpaka stempu yenyewe ilipotoka tarehe 1 Desemba. Wakusanyaji wanafurahia vurugu hiyo hadi leo. Makarani wa kaunta hawakufurahi. Nayo ilikuwa dharura ya kweli. Sisi hatuna haja ya kukimbizana hivyo, kwani tunapendekeza nyongeza ya hiari, ndogo, iliyochapwa waziwazi baada ya alama ya kujumlisha.

Tatizo la nyongeza si kuikusanya. Ni kwamba mnunuzi hajui ilikokwenda. Tunataka tangazo moja, mara moja kwa mwaka, lenye mambo matano: idadi iliyochapwa, idadi iliyouzwa, idadi iliyoteketezwa, jumla ya nyongeza, na tarehe iliyokabidhiwa pamoja na jina la aliyepokea. Ukurasa mmoja unatosha.

Waheshimiwa, tunajua majibu yatakayotolewa, na mengine yana uzito.

Mtasema watu walio hai hawawekwi kwenye stempu. Hiyo ni kanuni ya nyumbani; haikutoka kwa Umoja wa Posta Duniani. Ni kanuni yenye faida, inazuia kujipendekeza, lakini wenzenu wameilegeza. Stempu ileile ya Freddie Mercury ya 1999 ilizusha maneno kwa sababu mpiga ngoma wa Queen, Roger Taylor, aliye hai, alionekana nyuma yake. Mwaka 2012 Uingereza ilimtolea kila mshindi wake wa dhahabu wa Olimpiki ya London stempu yake siku iliyofuata, akiwemo mkimbiaji Mo Farah, mara mbili, ambaye alifika nchini humo kutoka Djibouti akiwa mtoto. Basi kanuni inaweza kulegezwa kwa medali. Wanariadha watano wa Sudani Kusini walioishi Kakuma walishiriki Rio de Janeiro mwaka 2016 katika timu ya kwanza ya wakimbizi: Rose Nathike Lokonyen aliyebeba bendera, Yiech Pur Biel, James Nyang Chiengjiek, Anjelina Nadai Lohalith na Paulo Amotun Lokoro. Aliyewaongoza ni Tegla Loroupe wa Kenya, bingwa wa marathoni ya New York ya 1994. Stempu sita kwa mstari mmoja, ukubwa mmoja, thamani moja. Tegla asiwe mkubwa kuliko wao; tunaamini hata yeye asingetaka.

Mtasema ni hatari kwa wahusika. Hili ni la kweli na hatutaki lipuuzwe. Stempu inasafiri hadi nchi aliyoikimbia mtu. Kwa hiyo asichukuliwe mtu ambaye ombi lake la hifadhi halijaamuliwa, wala mwenye ndugu walioachwa wanaoweza kuandamwa. Ridhaa iwe ya maandishi, kwa lugha anayoisoma, aonyeshwe mchoro wa mwisho na si rasimu tu, na awe na haki ya kujitoa mpaka siku ya kutia saini ya kuchapa. Watoto wasitumike kabisa. Ridhaa ya mzazi inamfaa mtoto leo. Miaka thelathini baadaye uso ule ni wa mtu mzima ambaye hakuulizwa.

Mtasema jirani atanuna. Imewahi kutokea. Ujerumani Magharibi ilipotoa mwaka 1965 stempu ya kukumbuka miaka 20 ya kufukuzwa Wajerumani mashariki mwa Ulaya, nchi za kambi ya mashariki zilirudisha barua zenye stempu hiyo, au stempu ikapakwa wino. Funzo tunalolipata pale ni kwamba stempu ile ilisema habari ya aliyefukuza. Stempu tunazoziomba zinasema habari ya waliofika na waliowapokea. Mfano mzuri ni meli ya MV Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ambayo Mei 2015 ilikuwa ikiwatoa Warundi Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, na kuwapeleka Kigoma. Chora meli, mabaharia na abiria, taja Kagunga na mwaka. Hakuna serikali iliyoshutumiwa hapo.

Na mtasema stempu haziuzwi siku hizi. Nchi za Afrika, za kwetu zikiwemo, zimechapa Elvis Presley na dinosaria kwa ajili ya wanunuzi wa ng'ambo. Hoja ya soko tutaijadili siku dinosaria watakapoacha kupewa nafasi.

Kwa hayo, tunaomba yafuatayo.

Kwanza, maelekezo kwa wasanii yabadilishwe sasa, bila kusubiri toleo lolote: kila stempu yenye mkimbizi aliyekusudiwa kuwa mtu halisi iwe na jina lake, kazi yake na mahali, ndani ya vitobo. Ikiwa msaidizi ametajwa, aliyesaidiwa naye atajwe, au wote wasitajwe.

Pili, toleo la pamoja la Afrika Mashariki litoke mwaka 2029. Tarehe 10 Septemba mwaka huo Mkataba wa Wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliotiwa saini Addis Ababa mwaka 1969, utatimiza miaka 60. Mkataba huo ulianza kutumika tarehe 20 Juni 1974, na ndiyo asili ya Siku ya Wakimbizi Duniani tunayoiadhimisha kila Juni. Muda upo wa kutafuta ridhaa, kuchora, kusahihisha na kuchapa pasipo haraka. Mada tunazozipendekeza ni Katumba, Mishamo na Ulyankulu, Mazimbu, wakimbiaji wa Kakuma, MV Liemba, na Barankitse, Namaika na Mire kwa pamoja, kila mmoja kwenye stempu yake. Tengeru inaweza kufanywa peke yake na posta ya Poland, ambayo bila shaka ina hamu kuliko tunavyodhani.

Tatu, kwenye kila kamati ya kuteua stempu, mada ya wakimbizi inapojadiliwa, awepo mtu mmoja aliyewahi kuwa mkimbizi, mwenye kura, na si mwalikwa wa kuulizwa mwishoni kama rangi zimempendeza.

Nne, tangazo la fedha za nyongeza kama tulivyoeleza katika hoja ya 6.

Tano, jibu la maandishi kwa barua hii ndani ya siku 90. Likiwa la kukataa, lieleze ni hoja ipi kati ya sita iliyokataliwa na kwa nini. Tuko tayari kuleta albamu, orodha za matoleo na vielelezo vya stempu zote tulizozitaja, kwa gharama zetu, mahali na siku mtakayopanga.

Wasalaam,

Wakusanyaji wa stempu za wakimbizi, Afrika Mashariki

Nakala: Umoja wa Posta Afrika (PAPU), Arusha, idara za serikali zinazohusika na wakimbizi, vyama vya wakusanyaji wa stempu.